Una kazi, huna ajira? Majibu kwa maswali ya wasomaji

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti. Takwimu za Tanzania za mwaka 2020/21 zinasema wasio na ajira ni asilimia 9.0, na mtaani kila nyumba ina kijana aliyekaa. Nani basi kahesabiwa, na kwa kipimo gani?

Sehemu ya mkanganyiko tumeibeba wenyewe mdomoni. Mswahili akisema "ajira" ana maana ya kuajiriwa: yupo bosi, ipo barua, ipo tarehe ya mshahara. Mtakwimu akitamka neno hilohilo anamjumlisha muuza vitumbua, mwenye bodaboda, na hata mtoto wa mwenye duka anayekaa kaunta bila kulipwa senti. Barua karibu zote zilizo hapa chini zimejikwaa kwenye pengo hilo.

Nilimaliza shahada mwaka juzi, naishi kwa dada yangu. Akaunti ninayo Ajira Portal, tovuti ya serikali ya kuombea kazi. Wiki iliyopita nilimshikia mjomba duka asubuhi moja, kama muda wa saa tatu hivi, akanipa shilingi 5,000. Mdadisi wa utafiti wa ajira angenikuta, angeniandika nina ajira? (Mhitimu, Dodoma)

Kwa kipimo cha kimataifa, ndiyo. Mtu mwenye miaka 15 na kuendelea aliyefanya kazi japo kwa saa moja katika siku saba zilizopita, kwa malipo au kwa faida, anaingia kundi la wenye ajira. Malipo si lazima yawe fedha; debe la mahindi linatosha. Na hata mjomba asingekupa kitu, kushika duka la ukoo linaloingiza pesa kunahesabiwa. Ungeandikwa msaidizi wa familia asiyelipwa, na huyo naye ni mwenye ajira.

Dodoso lina ngazi, na ngazi ya juu hushinda ya chini. Mdadisi huanza na kazi iliyofanyika wiki hiyo. Ukisema hukufanya, anauliza kama unayo kazi ambayo hukwenda kwa sababu ya likizo, ugonjwa, uzazi au msiba. Ukiwa nayo, bado ni mwenye ajira. Ukisema huna, ndipo yanakuja maswali mawili ya kuamua: katika wiki nne zilizopita ulifanya lolote kutafuta kazi au kuanzisha shughuli yako? Na ingepatikana sasa, ungeweza kuanza katika wiki mbili zijazo? Majibu yote mawili yakiwa ndiyo, huna ajira kwa maana ya kitakwimu. Moja likiwa hapana, uko nje ya nguvu kazi (yaani jumla ya wenye ajira na wasio nayo), safu moja na mstaafu na mwanafunzi wa bweni.

Hiyo saa moja huwakera watu, na hawana kosa kukereka. Sababu yake ni kwamba takwimu za kazi zinatakiwa zilingane na hesabu za pato la taifa, ambazo zinachukua thamani ya kila kinachozalishwa, pamoja na asubuhi yako dukani. Ukiziacha kazi ndogondogo, unabaki na pato lisilo na watu waliolizalisha. Tatizo linakuja pale msomaji wa gazeti anapoona "mwenye ajira" akaelewa "anayejimudu". Kipimo cha kujimudu si hicho. Kwa hali yako kuna safu nyingine, ya ajira isiyotosheleza kwa saa: ulifanya kazi chini ya kizingiti (Tanzania hutumia saa 40 kwa wiki), unataka saa zaidi, na uko tayari kuzifanya. Anayetaka kujua hali ya wahitimu aanzie safu hiyo.

Tanzania, hata hivyo, ina ufafanuzi wake wa kitaifa ulio mpana kuliko wa kimataifa. Unawachukua wasio na kazi waliotafuta na walio tayari, kama kawaida, kisha unaongeza makundi mawili: walio tayari kufanya kazi lakini hawakutafuta, na wale waliofanya kazi ndogo fulani lakini hawana uhakika kama kesho itapatikana tena. Wewe unaweza kuangukia kundi hili la mwisho. Kwa hiyo mtu mmoja, wiki moja, dodoso moja: jedwali la kimataifa linakuweka kwa wenye ajira na la kitaifa linaweza kukuhamishia kwa wasio nayo. Ile asilimia 9.0, pamoja na 10.3 ya mwaka 2014 na 11.7 ya mwaka 2006, ni za ufafanuzi wa kitaifa. Ukikuta mtandaoni namba ya Tanzania iliyo chini sana ya hapo, usidhani kuna aliyedanganya; angalia kwanza ni ufafanuzi upi.

Kuhusu Ajira Portal: akaunti peke yake haikutoshi. Kama ndani ya wiki nne ulituma maombi au ulihuisha wasifu wako ili waajiri wauone, hapo ulitafuta. Kama uliingia, ukasoma matangazo, ukafunga simu, hukutafuta. Kwenda kusimama getini kiwandani alfajiri, kumwomba ndugu akuulizie kazini kwake, kutafuta fremu ya kupanga, kuomba mkopo au leseni ya biashara, yote hayo ni kutafuta.

Mimi ni mvuvi. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Miezi ile mitatu mimi nilikuwa nani kwenye vitabu vyenu? (Mvuvi, Kigoma)

Inategemea kama chombo ni chako au unavua kwa mgawo kwenye chombo cha mtu.

Mwenye chombo aliyetumia wiki ya utafiti kushona nyavu, kuziba mtumbwi au kutengeneza injini anaendelea kuhesabiwa mwenye ajira, maana hizo ni kazi za shughuli yake na msimu wa kufunga haujazikatiza. Hapa kuna mtego mdogo: kulipia leseni au ushuru peke yake hakuhesabiki. Kanuni ya wafanyakazi wa msimu inataka kazi yenyewe, wala haikubali kutimiza wajibu wa kisheria kama ushahidi wa kuwa kazini.

Baharia wa mgawo hana mkataba na halipwi ziwa likifungwa. Huyo hawezi kuandikwa "hayupo kazini kwa muda", kwa sababu hana kazi inayomngoja kwa uhakika. Akienda kwenye shamba la mtu kupalilia siku moja, ni mwenye ajira, na katika jedwali la sekta anahama kutoka uvuvi kwenda kilimo. Asipofanya kitu chochote na hakutafuta kwa sababu anangoja ziwa lifunguliwe, kimataifa yuko nje ya nguvu kazi, kwenye kapu la nguvu kazi tarajiwa: anataka, yuko tayari, hakutafuta. Kwa ufafanuzi wa kitaifa wa Tanzania huyohuyo hana ajira.

Yupo na wa tatu. Nahodha kamwambia, "Tarehe 16 Agosti uko kwenye chombo changu," wamekubaliana. Mwenye makubaliano ya kuanza kazi ndani ya muda usiozidi miezi mitatu hasamehewi sharti la kutokuwa na kazi, lakini anasamehewa sharti la kutafuta; anaandikwa asiye na ajira ilimradi angeweza kuanza sasa. Mdadisi asipouliza swali la "umeshaahidiwa kazi?" mtu huyu anapotea kabisa.

Nalima ekari mbili za mahindi. Mengi tunakula, yakibaki nauza magunia mawili matatu. Mdadisi alinibana sana: "Ulipanda kwa nia ya kuuza au ya kula?" Kwani ina tofauti gani, jembe si ni lilelile? (Mkulima, Songea)

Jembe ni lilelile, Mzee wetu, lakini swali lile ndilo zito kuliko yote katika dodoso zima kwa nchi ya wakulima.

Mpaka mwaka 2013, kanuni iliyotumika ilikuwa ya mwaka 1982: aliyelima chakula cha kaya yake alikuwa mwenye ajira sawa na karani wa benki. Oktoba 2013, mjini Geneva, Mkutano wa 19 wa Kimataifa wa Watakwimu wa Kazi chini ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) uligawa upya. "Kazi" ikawa neno pana linalofunika kila shughuli ya kuzalisha bidhaa au huduma, na "ajira" ikabanwa iwe kazi ya malipo au faida tu. Kulima kwa ajili ya chungu cha nyumbani kukabaki kazi, lakini si ajira. Kinachoamua ni nia kuu ya mazao: yote au sehemu kubwa ni ya kuuza, una ajira, yote au sehemu kubwa ni ya kula, wewe ni mzalishaji wa matumizi binafsi. Gunia mbili za ziada hazibadilishi.

Uone inavyofanya kwenye hesabu. Chukua kijiji cha kubuni chenye watu wazima 100. Kwa kanuni ya zamani 60 wana ajira, 5 hawana na wanatafuta, 35 wako nje ya nguvu kazi. Kiwango cha ukosefu wa ajira hupatikana kwa kugawa wasio na ajira kwa nguvu kazi, yaani 5 kwa 65: asilimia 7.7. Sasa tuseme 25 kati ya wale 60 wanalima chakula chao tu, hawatafuti kingine. Kwa kanuni mpya wanatoka. Wenye ajira wanabaki 35, nguvu kazi 40, na kiwango ni 5 kwa 40: asilimia 12.5. Hakuna aliyefukuzwa kazi, hakuna shamba lililokauka. Ndiyo maana kuunganisha mstari wa grafu kutoka takwimu za kanuni ya 1982 hadi za 2013, kama wanavyofanya baadhi ya waandishi wetu, ni kuchora kitu ambacho hakikutokea. Kwanza fungua ukurasa wa maelezo ya dhana, halafu ndipo uende kwenye jedwali.

Udhaifu wa swali lile tunaukubali. Mtu anapopanda Novemba hajui mvua, hajui bei, hajui kama mtoto atafaulu na kuhitaji ada. Nia ya kula inageuka nia ya kuuza kufikia Juni. Mdadisi mzuri haulizi "nia" kwa neno kavu, anauliza, "Kwa kawaida mavuno ya shamba hili huenda wapi zaidi?" Na asisahau kuuliza kibarua. Ukiwa umelima kwako wiki nzima lakini Jumanne ukapalilia kwa jirani kwa ujira, wewe ni mwenye ajira kwa sababu ya Jumanne hiyo.

Inawezekanaje kiwango cha ukosefu wa ajira kishuke na hakuna aliyepata kazi? (Mwalimu wa hesabu, Arusha)

Rudi kwenye kijiji kile cha mwanzo: 60, 5, 35. Watu watatu kati ya wale watano wanachoka kuzunguka na bahasha, wanaacha kutafuta. Sasa wasio na ajira ni 2, nguvu kazi ni 62, kiwango ni asilimia 3.2. Kimeanguka zaidi ya nusu.

Dawa yake ipo na imewekwa kwenye kanuni hizohizo za 2013. Kuna vipimo vinne vya nguvu kazi isiyotumika ipasavyo, LU1 hadi LU4. LU1 ndicho kiwango cha kawaida. LU2 huongeza wenye saa pungufu wanaotaka zaidi. LU3 huongeza nguvu kazi tarajiwa, kwa juu na kwa chini. LU4 hukusanya wote. Kwa kijiji chetu, LU3 baada ya wale watatu kuchoka ni (2 + 3) kwa (62 + 3), yaani 5 kwa 65, asilimia 7.7 ileile. LU1 ilishangilia, LU3 haikutingishika. Angalia pia uwiano wa wenye ajira kwa watu wote wazima: ulikuwa 60 kwa 100 na umebaki 60 kwa 100.

Kwa vijana, chunga kigawanyo. Wakiwa vijana 100, 60 wanasoma tu, 30 wana ajira na 10 wanatafuta, kiwango ni 10 kwa 40, asilimia 25. Hiyo si kusema robo ya vijana wote hawana ajira. Ni mmoja kati ya kumi. Halafu uliza "kijana" ni nani: kwa ulinganisho wa kimataifa ni miaka 15 hadi 24, kwa sera ya Tanzania ni 15 hadi 35, na Katiba ya Kenya inaanzia 18 na kukoma kabla ya 35. Mijadala mingi ya redioni ingeisha dakika ya pili kama mtangazaji angeuliza hilo kwanza.

Kila mwaka tunaambiwa zimepatikana nafasi mpya mamia ya maelfu, na wengi ni sisi wa jua kali. Mimi nachomelea mageti hapa Kamukunji. Nani alinihesabu, na hiyo "nafasi" yangu ilipatikana lini? (Fundi, Nairobi)

Namba hiyo hutoka kwenye ripoti ya uchumi ya kila mwaka ya Shirika la Kitaifa la Takwimu Kenya, KNBS. Soma maandishi madogo chini ya jedwali: haihusishi wakulima wadogo wala wafugaji wa kuhamahama. Katika waliobaki, zaidi ya wanane kwa kila kumi wako sekta isiyo rasmi.

"Nafasi mpya" ni tofauti ya jumla ya mwaka huu na ya mwaka jana, basi. Haina maana kwamba kulikuwa na tangazo na mtu akaajiriwa. Kiwanda kikipunguza mtu mmoja na mtu huyo akaanza kuuza mitumba Gikomba, sekta rasmi imepungua moja, isiyo rasmi imeongezeka moja, jumla haikusogea. Ukisoma upande wa ongezeko peke yake utaona neema.

Kuna vitu viwili ambavyo huchanganywa hata na wachumi. Sekta isiyo rasmi huangalia biashara: imesajiliwa? inaweka hesabu kamili? Ajira isiyo rasmi huangalia mfanyakazi: mwajiri anamchangia NSSF? akiugua analipwa? ana likizo ya mwaka? Mwalimu wa shule ya kibinafsi iliyosajiliwa vizuri kabisa, lakini anayelipwa kwa bahasha bila mkataba wala michango, yuko sekta rasmi na ajira yake si rasmi. Kwa hiyo asilimia ya ajira isiyo rasmi huwa kubwa kuliko ya sekta isiyo rasmi, na mtu akikutajia moja bila kusema ni ipi, muulize.

Wewe unayechomelea kwa mtaji wako na huna kibarua ni mfanyakazi wa kujitegemea. Ukiwa na kijana unayemlipa mara kwa mara, unahama safu: unakuwa mwajiri, japo wote wawili mnafanyia kazi chini ya jua lilelile.

Kazi ya ghala niliachishwa hapa Columbus, Ohio. Mafao yameisha, siku hizi naangalia tu matangazo ya kazi kwenye simu, na jioni moja moja naendesha abiria kwa programu. Wakitangaza "asilimia nne na kitu", mimi nimo? (Msomaji, Marekani)

Wiki uliyobeba abiria, hapana: una ajira, maana Marekani nako ni saa moja ya kazi ya malipo. (Kwa msaidizi wa familia asiyelipwa wao wanataka saa 15.) Wiki usiyoendesha, bado hapana, kwa sababu kuangalia matangazo bila kutuma maombi kwao si kutafuta.

Mafao hayahusiki kabisa, ingawa imani hiyo ni ngumu kung'oka. Kiwango kinatoka kwenye utafiti wa kaya wa kila mwezi, takribani kaya 60,000, unaofanywa na ofisi ya sensa kwa niaba ya ofisi ya takwimu za kazi, BLS. Umri unaanzia miaka 16; wanajeshi walio kazini na wafungwa hawamo. Wiki inayoulizwa ni ile yenye tarehe 12 ya mwezi. Kaya huhojiwa miezi minne mfululizo, hupumzishwa minane, kisha hurudiwa minne. Ukipata barua yao, ni kwamba anwani yako imeangukiwa na sampuli, hawakufuatilii wewe.

Ajira "zilizoongezwa" ambazo hutangazwa siku hiyohiyo zinatoka utafiti mwingine, wa waajiri. Ule unahesabu nafasi kwenye orodha za mishahara: mwenye kazi mbili anaonekana mara mbili, na dereva wa programu aliyejiajiri kama wewe haonekani hata mara moja. Mwezi ambao tafiti hizi mbili zinapingana si ajabu.

Kipimo kinachokugusa zaidi ni U-6. Hicho huongeza waliotafuta ndani ya miezi 12 lakini si ndani ya wiki nne, na waliobanwa kwenye saa chache kwa sababu saa kamili hawakuzipata. Magazeti hunukuu U-3, yaani kile kiwango cha kawaida.

Mfano bora wa jinsi mambo yanavyoharibika ni Aprili 2020. Kiwango kilichotangazwa kilikuwa asilimia 14.7. Wafanyakazi wengi waliorudishwa nyumbani kwa sababu ya korona walitakiwa waandikwe wameachishwa kwa muda, yaani wasio na ajira, lakini wadadisi waliwaandika wana kazi ila hawapo kazini "kwa sababu nyinginezo". BLS yenyewe ilieleza katika taarifa ileile kwamba kama kundi hilo la ziada lingeandikwa ipasavyo, kiwango kingekuwa juu kwa karibu pointi tano. Hawakurekebisha majibu, utaratibu wao hauruhusu kubadili rekodi baada ya mahojiano. Walitangaza namba na kutangaza kasoro yake, na kwa maoni yetu hivyo ndivyo ofisi ya takwimu inavyopaswa kufanya.

Nalea watoto watatu, napika, nachota maji, nakata kuni. Mume akaniambia mdadisi kaandika "mama wa nyumbani". Yaani sifanyi kazi? (Mama, Tanga)

Unafanya, Mama, na kanuni za 2013 zinaiita kazi kwa jina hilohilo. Isipokuwa si ajira, kwa kuwa haina malipo wala faida. Hukutafuta ajira, basi uko nje ya nguvu kazi. La kushangaza ni kwamba kwa kanuni za 1982 maji na kuni zilikuwa bidhaa, kwa hiyo kuchota na kukata kungeweza kukuingiza kwenye ajira, wakati kulea na kupika kusingekuingiza. Zamani mwanamke mmoja angeweza kuingia na kutoka nguvu kazi kwa kupata bomba la maji.

Lakini tunatilia shaka kitu kingine katika barua yako. Mume ndiye aliyejibu. Kama unauza hata barafu za watoto mlangoni, swali hilo lilitakiwa likufikie wewe.

Nimechaguliwa kuwa mdadisi. Semina ilikuwa ya siku chache. Wapi hasa tunaharibu? (Mdadisi mpya, Morogoro)

Kwanza, usimuulize mtu "Una ajira?" wala "Una kazi?" Atasema hana, huku beseni la maandazi liko miguuni pake. Soma swali la dodoso kama lilivyo, kisha taja mifano: japo kidogo, kuuza maandazi, kusuka nywele, kufulia watu, kubeba mizigo sokoni, kumsaidia ndugu gengeni. Wanaopotea kwa uvivu wa mdadisi ni wanawake na vijana zaidi ya wengine, kwa sababu shughuli zao huitwa "kujishikiza".

Taja tarehe. "Wiki iliyopita" kwa mtu mmoja ni Jumatatu hadi Jumapili, kwa mwingine ni tangu mnada uliopita. Sema, "Kuanzia Jumatatu tarehe fulani hadi Jumapili tarehe fulani," na ukiweza mkumbushe na tukio: wiki ya msiba wa fulani, wiki ya gulio.

Mkuu wa kaya asijibu kwa niaba ya watu wazima waliopo. Akijibia mtu aliyesafiri, weka alama kwenye dodoso kwamba ni jibu la kusemewa. Wasimamizi wanaitumia wakikagua.

Usiruke swali la kutafuta kazi kwa kudhani unajua jibu. Mtu wa miaka 58 anaweza kuwa anatafuta. Na akisema hatafuti, sababu lazima iandikwe: anasoma, anauguza, mgonjwa, au kachoka kwa kuwa hakuna. Hiyo ya mwisho ndiyo inayowaonyesha waliokata tamaa. Ukiandika "nyinginezo" kwa haraka, unalifuta kundi zima.

Mwisho ni saa, na hili ni la Kiswahili chetu peke yake. Ukimuuliza mama lishe, "Ulifanya kazi japo saa moja?" anaweza kukujibu, "Hapana, mimi naanza saa kumi alfajiri." Kasikia saa ya ukutani. Sema "kwa muda wa saa moja". Ukifika kwenye jumla ya saa za wiki usimwache akisie. Chukua siku moja moja, muulize alianza saa ngapi na alimaliza saa ngapi, toa muda alioacha kazi kwenda kula au kulala mchana, ujumlishe mwenyewe. Alfajiri ya kuwasha mkaa na kumenya viazi imo, kwenda sokoni kununua nyanya imo, na kuhesabu mauzo usiku baada ya kufunga imo pia. Mama akikuambia "nafanya kazi mchana tu, saa sita hadi saa tisa," ameacha nusu ya siku yake nje ya dodoso lako.